Namba Zilizolala Kushoto

Bismillahi. Rukia mke wangu, niinue kidogo na huo mto; Hamza, kaa karibu na dada yako, leo msikae mbalimbali, maana pumzi niliyobaki nayo nataka kuitumia kwa furaha.

Nyumba hii ya Ilomba na viwanja vigawanywe kama dini ilivyopanga. Karatasi anayo Ustadhi Abdul, msigombane. Neno langu leo ni la biashara ya viazi, na nianze na kosa langu.

Mimi niliishia darasa la saba, na nilipojifunza jedwali la kompyuta uzeeni nikajiona profesa. Mzigo aliousimamia Hamza kutoka Uyole niliuandika namba tupu, arobaini, hamsini. Wa Hanifa kutoka Kilolo ulikuwa karibu wote magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa kupita mdomo na kufungwa kwa kamba, basi kwa kuuheshimu ukubwa wake nikaandika ndani ya chumba kimoja cha jedwali "40 lumbesa". Kompyuta haijumlishi maneno, iliyaruka yote. Jumla ya Kilolo ikatoka kiduchu, nami, mbele ya mzee Kalinga, mkulima wa Kilolo anayetuuzia viazi miaka yote, nikamwita binti yangu mwizi.

"Baba, si uliyapokea mwenyewe stoo?"

"Kompyuta haina undugu," nikamjibu, nikamnyang'anya funguo za stoo nikampa Hamza.

Kalinga akasema, "Haina undugu, mzee mwenzangu, lakini nayo haijawahi kubeba gunia." Nikamcheka. Mungu anisamehe.

Misimu miwili Hanifa hakunirushia neno. Mwezi uliopita akaketi hapa, akafungua jedwali lile, akaniuliza kwa upole kwa nini namba za Hamza zimesimama kulia mwa vyumba vyao na zake zimelala kushoto. Shikeni hilo, wanangu: ukiona namba imelala kushoto bila wewe kuipanga hivyo, ishuku, huenda kompyuta inaiona ni maneno. Jedwali langu hakuligusa, alifanyia kazi nakala. Akatenga idadi kolamu yake, aina ya gunia kolamu yake, kilo za mzani kolamu yake, tarehe zote mtindo mmoja. Jumla ikapanda nikiitazama, Kilolo ikaipita Uyole karibu mara mbili. Nililia, na nilikuwa nacheka.

Halafu akaenda Iringa kwa wenye hoteli akiwa na ukurasa mmoja tu, chati moja, na juu yake hakuandika "Ripoti ya Viazi" kama ningeandika mimi, aliandika, "Kilolo haijakosa mzigo hata wiki moja." Wakauliza maswali mawili, wakakubali kuchukua mzigo wetu mwaka mzima. Alhamdulillahi. Jana asubuhi lori la kwanza lilipoondoka, Kalinga alinipigia, akaisogeza simu kwenye injini nisikie.

Sasa Hamza, zile funguo. Mpe. Mkononi, si mezani. Yeye ndiye ataongoza, nawe utakuwa mkono wake, na sitaki kusikia mmenuniana.

Jedwali langu lenye makosa msilifute, wajukuu walione. Kila mwisho wa wiki wekeni nakala mahali pawili... Rukia, maji kidogo... Hanifa, nimekusafisha mbele ya ndugu yako, nawe niachilie.

Mungu awape baraka, awape mizani ya haki. Na mkiniombea... msiombe mengi. Ombeni tu siku ile ya hesabu kitabu changu cha matendo... nipewe kwa mkono wa kulia.