Melkiory Kamugisha na Uamuzi Uliochelewa Miaka Mitano na Nusu

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani wa Chonyonyo, familia imenituma mimi, Cassian, mtoto wa pili, niwasomee maisha ya baba yetu kwa mpangilio alioupenda mwenyewe, tarehe kwanza, kisha jambo.

Marehemu Melkiory Kamugisha alizaliwa tarehe 6 Januari 1931 huko Muleba, akasoma shule ya misheni kuanzia 1940 hadi 1947, kisha ufundi wa mabomba kwa miaka mitatu, akaajiriwa idara ya maji mwaka 1952 na kuhamishiwa Karagwe Agosti 1964. Tarehe 14 Juni 1958 alifunga ndoa na Laurensia Kokugonza, ambaye baba yake alikuwa amekwisha kufariki, hivyo mahari ilipokelewa na kaka yake mkubwa, mzee Egbert, tuliye naye hapa. Mungu aliwajalia watoto sita, na wanne tuko hai.

Vita vilipoanza mwishoni mwa 1978, mafuta na vipuri vya mashine za maji vilikoma, na Machi 1979 marehemu alichora pampu ya kamba, yaani kamba yenye vipande vya tairi, inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli na kupandisha maji ndani ya bomba. Mchoro hakuuuza. Aliuweka katika daftari lililozunguka kwa mafundi wa Chonyonyo, Kaisho hadi Murongo, kila mmoja akiwa huru kunakili na kurekebisha, kwa sharti kwamba marekebisho ayaandike humo, wote wayaone.

Kufikia 1983 mafundi walikuwa thelathini na mmoja, na pembeni mwa michoro matusi yalikuwa yakishindana na vipimo, ndipo wakamwomba awe msimamizi, naye akaandika kanuni: hukosolewa kazi, si mtu wala asili yake, na anayekiuka, kosa lake husomwa mbele ya wote, kisha hukaa mwaka mzima bila daftari. Kazi hiyo ilimchosha kuliko ajira yake yote, kwani kila Jumapili baada ya Misa alijibu barua za watu wazima waliogombana juu ya unene wa kamba.

Septemba 1986 fundi Sibomana wa Kaisho, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, aliandika namna ya kuzuia gurudumu lisirudi nyuma na kuwaumiza wachotaji mikono, na mzee Egbert, naye akiwa mmoja wa mafundi wa daftari, akaandika chini yake, "Aliyekuja na mkeka asitufundishe kuchota maji." Marehemu aliandika uamuzi siku ile ile, lakini hakuusoma, kwa kuwa hakuweza kumsimamisha mbele za watu shemeji aliyemkabidhi mke kwa niaba ya baba mkwe. Aliufuta mstari ule wa Egbert kimyakimya, akidhani kufuta kunatosha. Sibomana aliondoka, na mafundi sita wakamfuata.

Januari 1989 baba alikwenda Kaisho kwa baiskeli kumwomba arudi, akajibiwa, "Mzee, pampu ikiharibika niite, nitakuja. Daftarini sirudi. Tusi walilisoma wote, karipio lako hakuna aliyelisikia."

Mwaka huohuo aligundulika kuwa na kisukari, Novemba 1991 akakatwa mguu wa kushoto, na Jumatano tarehe 11 Machi 1992, saa kumi alasiri, akafariki dunia hospitalini. Siku nne kabla, aliagiza kwamba uamuzi ule usomwe kwenye mazishi yake. Jana tulimweleza mzee Egbert, akasema usomwe, naye atasimama.

"Tarehe 21 Septemba 1986. Egbert amemdharau fundi kwa asili yake, akae mwaka bila daftari. Nyongeza, tarehe 7 Machi 1992. Melkiory, msimamizi, alijua akanyamaza, na kosa lake ni zito kuliko la kwanza."

Ndugu Sibomana, uliyefika tangu juzi ukachimba kaburi pamoja na vijana wetu, familia haikuombi jibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kuchota maji siku zote hizi, wenzake wa idara ya maji, na mafundi wote, waliobaki na walioondoka.

Pumzika kwa amani, baba. Lililokuwa limebaki limesomwa.