Namba Mbili za Mwalimu Kalenga

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwalimu Kalenga Nkulu, aliyezikwa Jumamosi hapa Kolwezi. Mwalimu Kalenga. Wengi wenu aliwashika mkono mkajifunza kuandika.

Mwaka 1982 alisimamia kura za baraza la zone, yaani tarafa ya mji, katika mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Wagombea walikuwa wawili: mama Zena Alimasi, muuza samaki wa chumvi, na tata Kabongo, shahidi wa ndoa ya Kalenga mwenyewe. Hesabu iliandikwa kwa chaki ubaoni. Zena 412. Kabongo 287. Mwalimu, aliyesimama tangu alfajiri, akanakili kwenye karatasi ya matokeo, akazigeuza bila kujua: Zena 287, Kabongo 412. Mashahidi wa wagombea wakatia sahihi bila kusoma. Ubao ukafutwa.

Asubuhi, akipitia daftari lake la kuhesabia, akaliona kosa. Akakimbilia nalo kwa rafiki yake.

"Ndugu, nilikosa. Twende ku ofisi ya zone tusahihishe."

Kabongo akamshika bega. "Usiogope. Unipatie lile daftari, mi mwenyewe nitalipeleka. Batu batajua nimekubali kushindwa na moyo mweupe."

Kalenga akampa. Angemnyimaje mtu aliyesimama naye kanisani?

Siku tatu kimya. Siku ya nne Kabongo akaapishwa. Mwalimu akaenda ofisini kudai kosa lisahihishwe. Kabongo akamtazama usoni, kisha akawageukia wakubwa: "Daftari gani? Huyu tata siku ile alikuwa amelewa."

Wasikilizaji wapendwa, Kalenga hakuwahi kuonja pombe. Hata tone.

Akahamishwa Musumba, mbali, kwenye barabara zinazomeza malori. Kabla ya kuondoka alikwenda kwa mama Zena, akamwambia yote. Zena hakumpa kiti.

"Uliandika na mukono yako," alisema. "Kisha ushahidi ukamupelekea ule mwenye kufaidika, hapana mi. Juu ya nini, mwalimu?"

Mwalimu alisimama pale, kofia mkononi, mpaka Zena akaingia ndani.

Mjane wa mwalimu, mama Mianda, anatuambia: "Kosa yake mwenyewe aliizoea. Ile ya rafiki ndo ilimukula. Miaka tisa kule Musumba, motokari ikisimama tu, anatoka kuangalia kama ni Kabongo anakuja kuomba musamaha."

Kabongo hakuja. Hata kwenye kilio hakuja.

Aliyekuja ni mama Zena. Alikaa mkekani na wanawake wengine, kisha akasema: "Huyu alinikosea, lakini alikuja ku mulango wangu kuniambia. Bengine bote benye baliona ubao balinyamaza."

Mama Mianda, watoto, ukoo wote wa Nkulu: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nasi tunaobaki, tunaambiwa kura nyingine zinakuja. Mkono wa binadamu utakosea tena. Tujiulize basi, kila mtu nyumbani kwake: kosa likikuangukia wewe kama zawadi, utalisema?