Tak Geum-ok, Mtunza Taa wa Mgodi wa Heukgol

Marehemu Tak Geum-ok alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika kitongoji cha Heukgol, wilaya ya Jeongseon, mkoa wa Gangwon. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mchimba makaa Tak Man-bok na mkewe Ham Sun-i. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, Jung-gil. Nimeombwa niwe mfupi, tena nisilie.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Asubuhi ya tarehe 14 Novemba 1960 baba aliondoka akasahau chakula chake. Geum-ok akakibeba, akamkimbilia, na kwa ile haraka akakatiza mbele ya wachimbaji waliokuwa wakienda mgodini. Kwetu jambo hilo halikufanywa kabisa. Mchimbaji aliyekatiziwa njia na mwanamke asubuhi huogopa mkosi, akarudi nyumbani akalala, na siku hiyo wawili walirudi. Baba alicheka tu. “Huyu si mwanamke, ni mwanangu. Tena kaniletea kimchi.” Saa tano paa la handaki lilimporomokea.

Msibani, mtoto wa miaka sita alimwambia bibi ni nani aliyekatiza njia. Mtoto huyo ni mimi. Bibi, mama yake baba, alimgeukia Geum-ok. “Kumbe ni wewe,” alisema. “Kuanzia leo usipite mbele ya mtu.”

Alikuwa na miaka tisa, akatii. Shuleni wavulana walikuwa wakitawanyika akitokea, wakiimba, “Mpisheni, kamla baba, atawala na nyie!” Kila asubuhi alijifungia stoo mpaka wanaume wa mtaa mzima wawe wameondoka. Mara nyingi niliamka nikakuta kidole chake chini ya pua yangu, anahakikisha napumua. Aliniambia baadaye kwamba kichwani mwake kulikuwa na sauti iliyomwambia atatumaliza mmoja mmoja, mimi kwanza, kisha mama. Alimaliza darasa la sita mwaka 1964, akaenda kuchambua makaa pamoja na mama. Ujira wake ndio ulionisomesha ualimu.

Mwaka 1972 kampuni, iliyokuwa ikiwapa kazi watoto wa waliofia mgodini, ilimweka chumba cha taa. Kazi yake ilikuwa kumpa kila mchimbaji taa yake kupitia dirishani na kuipokea akitoka. Fikirini: yule aliyeambiwa asipite mbele ya mtu, sasa wanaume mia mbili wanapita mbele yake kila asubuhi. Wiki ya kwanza alitapika kila siku. Mzee Ki, mchimbaji mkongwe, alimwambia, “Weka taa mezani, geukia ukutani. Usinitazame.” Akageukia ukutani miaka tisa.

Bang Sang-cheol, mchimbaji pia, alimposa mara tatu. “Kaoe kwingine,” Geum-ok alimjibu. “Mimi nitakuua.” Sang-cheol akasema, “Basi panga foleni. Mgodi uko mbele, pombe inafuata, wewe ni wa tatu.” Walifunga ndoa tarehe 20 Oktoba 1974. Kila asubuhi, kama wake wengine wa wachimbaji, aligeuza viatu vya mumewe vielekee ndani ili arudi, halafu akajificha nyuma ya mlango wa jikoni hadi nyayo zake zisisikike tena.

Tarehe 9 Februari 1981, zamu ilipotoka saa nane mchana, taa mbili hazikurudi. Msimamizi Heo alimwambia wenye taa wamekwenda kulewa. “Funga dirisha, mwanamke, nenda kapike.”

“Taa hazijarudi. Sifungi.”

“Unatafuta mkosi mwingine?”

Alinisimulia kwamba ile sauti ilikuwa inamwambia: umewawekea taa kwa mkono wako, umeshawaua. Aliiamini. Hata hivyo alimpita Heo, akaipiga kengele ya hatari, ambayo hakuruhusiwa hata kuigusa. Baada ya saa tano za kuchimba, watu wawili walitolewa wakiwa hai. Kesho yake Mzee Ki alisimama dirishani, hakuigusa taa iliyokuwa mezani. “Geuka, binti,” alisema. “Nipe mkononi.”

Mwaka 1986 alifanywa mkuu wa chumba cha taa, mwanamke wa kwanza Heukgol, hadi mgodi ulipofungwa 1993. Msidhani hofu ilimwisha. Alikwenda nayo kazini kila siku.

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hofu ikarudi na nguvu zake zote, akawakataza wajukuu kumtembelea asubuhi. Siku moja nilipata ujasiri, nikamwambia, “Dada, ni mimi niliyemwambia bibi.” Akasema, “Najua. Nilikuwepo. Kamasi zilikufika kidevuni, ningekukasirikiaje?” Tukacheka mpaka muuguzi akaja. Alifariki tarehe 11 Novemba 2023, saa nne asubuhi.

Tangu akiwa na miaka tisa dada yangu aliamini kwamba kila anayempenda atakufa kwa sababu yake. Ameacha mume, Sang-cheol, miaka sabini na saba, watoto, Bang Hye-suk na Bang Dong-hwan, wajukuu watano, kitukuu mmoja wa miezi minne, na mimi, mdogo wake, miaka sitini na tisa. Wote tuko hapa kando ya kaburi lako, wazima. Pumzika sasa, dada. Usituogopee tena.