Maji ya Nyuma ya Ukuta

Mgeni rasmi, Mzee Hassanali, mfanyabiashara wa Korogwe mjini na mfadhili wetu. Mama Nurbanu uliyefuatana naye. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Kibwana. Shikamooni, na poleni kwa vumbi la kutoka Segera.

KUKUKARIBISHA

Sisi wazazi tuliopita na tuliopo katika chumba cha kupumzikia cha kituo hiki cha afya tumefurahi kukuona, tena kuliko unavyodhani. Tumekungoja tangu masika yalipokwisha, na sababu tutaifikia.

TULIKOTOKA

Kabla yako chumba hiki kilikuwa tanuri. Mzazi aliyejifungua kwa kupasuliwa alilala na jasho likimwingia kwenye mshono. Ukatuletea kiyoyozi. Madirisha yakapigwa misumari ili ubaridi usitoroke. Siku ya uzinduzi ulibonyeza rimoti, mashine ikapumua, tukapiga vigelegele. Ukaitia rimoti mfukoni mwa koti, ukaaga.

Tuliona. Lakini nani atamwambia mgeni atoe kitu mfukoni? Kwetu ni sawa na kumwita mwizi. Tulimtuma Mzee Kibwana dukani kwako. Akanywa chai, akawasalimia wajukuu, akarudi na biskuti. Fundi wa Segera alileta rimoti nyingine, mashine haikumwitikia. Tukizima swichi ya ukutani, friji ya chanjo nayo inazimika. Basi tangu siku ile haijanyamaza.

TULIYOYAONA

Baridi tuliiweza, watoto tuliwavika kofia za sufu. Ukavu hauonekani. Aliyeuona kwanza ni mwenzetu Chausiku wa Kabuku, ambaye kitanda chake kilikuwa chini ya mdomo wa mashine.

Mchana mmoja alimfunua mwanawe Ukasha, akakuta kanga nyeusi imejaa unga mweupe. Akaupangusa. Ulikuwa ngozi. Akatazama vitanda vingine: watoto wote wamelala macho wazi, hawalii, na macho yao yanapanda na kushuka pamoja na ule ubao wa mashine unaoelekeza upepo. Beseni la maji alilolijaza asubuhi lilikuwa limepungua, na hakuna aliyeligusa.

Mama mkwe wake, Bibi Tatu, akazunguka nyuma ya ukuta. Nyasi zote za uwanja zilikuwa zimekufa kwa jua, ila chini ya kibomba cha mashine, maji yanapodondoka tone kwa tone, paliota majani mabichi, mapana. Mbuzi walifika hapo, wakanusa, wakageuka.

"Chausiku," akasema, "maji haya yametoka wapi, na mvua hakuna?"

"Sijui, mama."

"Ya watoto haya. Kinawanyonya mle ndani, kinakuja kuyatema huku."

Kwetu kilichochukuliwa kwa mtoto hurudishwa kwa mtoto. Bibi Tatu akatega ndoo, na Ukasha akaogeshwa maji yale, kwa sabuni, kila alipoamka. Chausiku alikubali kwa hofu, nasi tukamwiga. Ngozi ikapasuka shingoni na viwikoni, ikatoa damu. Ukimgusa mtoto alitetemeka bila sauti. Chausiku aliona mwanawe anaisha mikononi mwake, akalia.

TULIYOFANIKIWA

Muuguzi wetu Ponsiano alipoelezwa habari ya maji, alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Bibi hakukosea sana," alisema. "Mashine inavuta unyevu wa hewa, na hewa ikishakauka inavuta wa ngozi. Ila kumwogesha ovyo kwa sabuni ndiko kulikommaliza."

Akatufundisha. Kuogesha ni mara moja kwa siku, upesi, kwa maji ya uvuguvugu, na ikibidi siku irukwe. Mtoto akaushwe kwa kuguswaguswa, apakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Pamba iguse ngozi, sufu ikae juu yake. Anyonye kila anapotaka, na kitanda kiondoke kwenye mkondo wa upepo.

Ukasha amepona, ndiye yule mgongoni kwa mama yake. Lakini Chausiku havuki tena kizingiti cha chumba kile. Siku za mshono zilizobaki alilala barazani, ndani ya neti. Sisi tuliobaki ndani tumesogeza vitanda, na mabeseni tunayajaza. Bado yanapungua.

TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, tumeliona boksi kwenye gari lako. Tumeambiwa ni mashine ya pili, ya wodi ya watoto. Moyo wako ni mwema na tunaushukuru. Tunaomba boksi lisifunguliwe kwanza. Tunaomba misumari ya madirisha ing'olewe. Ile mashine ya kwanza tunataka kuipunguza makali mchana, na jioni inyamaze, watoto wavute hewa ya nje.

Risala hukabidhiwa kwenye sinia lenye zawadi. Sinia analokuletea Chausiku lina kitambaa tu, na fedha hatuombi. Koti ulilovaa ni lile lile, tumelitambua. Usione tumekuvunjia heshima, mzee wetu. Tunaomba utie mkono mfukoni.

Mungu akutunzie wajukuu, awape ngozi laini na usingizi wa macho yaliyofumba.

Ni sisi, Wazazi wa Chumba cha Kupumzikia, tuliosimama hapa juani, kwa sauti ya mwenzetu Maryamu. Pamoja na watoto wetu, ambao wamo ndani na bibi zao, kimya, wanaitazama mashine.