Mzee Eliezer Rutebuka, Aliyeona Jimbo Likifutwa Bila Mtu Kukimbia

Aliyemwona Mzee Eliezer Rutebuka kwa mara ya kwanza aliona koti lake. Hakulivua ndani ya nyumba wala kanisani, na kiti chake kilikuwa daima kile cha karibu na mlango.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 huko Bijombo, katika milima mirefu ya Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Alisoma shule ya misheni, akapata diploma ya ualimu mwaka 1973, akafundisha historia hadi vita vilipofunga shule. Mwaka 1977 alimwoa Veridiana Nyirarukundo kwa ng'ombe waliosifiwa na wakwe kwa miaka mingi.

Huko kwao milimani, kila mpaka uliofutwa uliwatoa watu majumbani. Baada ya kambi za wakimbizi za Burundi, familia ilifika Louisville, Marekani, Aprili 2009, kisha ikahamia mtaa wa Kensington-Bailey, jijini Buffalo, ambako Mzee alifanya kazi ghalani.

Januari 2013, mwanawe Mizero alimwambia kuwa jimbo la uchaguzi la 28 la Bunge la Marekani, walimoishi, limefutwa. Mzee alisimama, akaanza kufunga mabegi.

"Tunaenda wapi tena?" aliuliza Mama Veridiana.

"Bon, sijajua. Weye beba mablanketi."

Jirani yao Masumbuko aliyakuta mabegi mlangoni. "Mzee, uko nakimbia nani? Teluji?"

"Wamefuta jimbo letu."

"Donc wamefuta. Na basi ya Bailey imepita sasa hivi. Dereva hata hana habari."

Walikaa juu ya mabegi hadi jioni. Askari hawakuja. Alikuja mtu wa posta, akasalimia, akaenda zake. Siku hiyo Mzee alivua koti.

Tangu hapo hakuchoka kuwasimulia watu habari za jimbo hilo: jinsi lilivyodumu karibu miaka mia mbili, likihamishwa huku na huku, na mwishowe likawa utepe mwembamba kando ya ziwa Ontario, kutoka Buffalo hadi Rochester. "Limezaliwa, limehama, limekufa," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Na hakuna mama aliyelala porini."

Mwaka 2014 walihamia mtaa wa Northland, jijini Columbus. Mwaka uliofuata saratani ya ini ilimpata. Alitamani kupiga kura, hata mara moja tu. Aliapa kuwa raia tarehe 15 Aprili 2016, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alimwuliza daktari kama atafika Novemba, siku ya uchaguzi. Daktari alipotikisa kichwa, Mzee alimgeukia mkewe: "Basi weye utafika."

Alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 4 Juni 2016, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wake Mizero wa Hilliard, Josiane wa Louisville na Esperance wa Buffalo, na wajukuu saba. Bwana ampe pumziko mahali pasipo mipaka.

Mama Veridiana ataapa kuwa raia Ijumaa tarehe 19 Agosti. Jumanne tarehe 8 Novemba atasimama kwenye foleni ya kura, na watoto wote watatu wameshaomba ruhusa kazini ili wasimame naye.