Darubini Nyepesi ya Shangazi Sindano

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Sogeza kiti karibu. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo, maana leo sitaki usikie nusu.

Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetutoka Jumanne ya wiki iliyopita. Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa pia mwindaji. Umesikia vizuri. Fundi cherehani na mwindaji, mtu mmoja.

Tulimwita Shangazi Sindano. Sindano kwa ajili ya kazi yake, na kwa sababu alikuwa mwembamba, amenyooka, na ukimchezea anakuchoma. Shangazi, sijui kwa nini. Hakuwa na kaka hata mmoja, lakini mji mzima ulijifanya watoto wa kaka yake. Mimi mwenyewe alinishonea suruali ya harusi. Nikamwambia aibane kiunoni. Akanitazama tumbo, akasema, "Nakuachia nafasi, mwanangu. Ndoa inanenepesha." Wanaonifahamu wanajua kama alikosea.

Mume wake alikuwa dereva wa lori la mbao. Mtu mkubwa, mabega kama mlango. Yeye ndiye aliyekuwa na bunduki ya kuwindia, na kibali chake. Kila Jumamosi alasiri walipanda mlimani wawili, kuwapunguza nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mahindi ya wakulima. Mume alishika bunduki. Mke alikuwa jicho. Alibeba darubini ya mkononi, akatazama huku na huku, akamnong'oneza.

"Kushoto. Karibu na kisiki."

"Nimemwona."

"Subiri. Kuna ng'ombe nyuma."

Na mume alisubiri. Binti yao, ambaye ni mwalimu, ameniambia hivi: "Nyumbani waligombania chumvi, waligombania dirisha, waligombania hata redio. Porini sikuwahi kusikia wamegombana."

Halafu mume akafariki. Moyo. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, hakuinuka tena. Ilikuwa Jumamosi.

Wasikilizaji wapendwa, nyumba ya mtu aliyebaki peke yake ina sauti zake. Friji. Bomba linalodondoka. Shangazi alikuwa na cherehani, basi akaiendesha kutwa nzima. Binti yake alikuwa anafundisha mji wa mbali. Alimpigia simu, akasikia ile cherehani tu, tarara, tarara. "Mama, unashona nini saa hizi?" Jibu likawa, "Nashona tu." Siku moja binti akaja likizo, akafungua kabati, akakuta mito. Mito midogo ya kochi, imejaa mpaka juu. Na nyumba ile ina kochi moja.

Wakulima wakaja mlangoni. Nguruwe wamerudi, Shangazi. Mahindi yanakwisha. Yeye alijua kulenga, mume wake alimfundisha zamani. Akaomba kibali kwa jina lake mwenyewe, akapewa. Jumamosi moja akapanda mlima. Peke yake.

Siku hiyo yalimpata mambo mawili. La kwanza, alimwona nguruwe, akajikuta ananong'ona: "Kulia, kwenye majani marefu." Akangoja ajibiwe. La pili, alipoinua bunduki mtutu ukawa unashuka wenyewe. Bunduki yenyewe haikuwa nzito sana. Uzito ulikuwa juu yake, kwenye darubini ya kulengea aliyoifunga marehemu. Ndefu, nene, kama chupa ya maji iliyojaa. Kwa yale mabega ya mlango ilikuwa si kitu. Kwa Sindano ilikuwa mzigo. Akashuka bila kufyatua hata risasi moja.

Jumatatu akaenda kwenye duka la bunduki. Mwenye duka bado anaikumbuka siku hiyo, na amenisimulia. Anasema aliweka mezani darubini nzuri kuliko zote alizokuwa nazo.

"Mama, hii inavuta mara kumi na sita."

"Ya nini?"

"Unamwona mnyama kama yuko hapa."

"Baba, mimi sitaki kuhesabu kope za nguruwe. Nataka kumpiga, nirudi nyumbani. Na hiyo bei, nanunua darubini au nanunua duka?"

Mwenye duka akacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa amekuja kufanya kazi. Akaomba aletewe zilizo nyepesi. Akazipima mkononi moja moja, amefumba macho, kama anavyopima kitambaa. Akazipeleka mlangoni, darubini tupu bila bunduki, akatazama barabara. Kisha akageuka akatazama kona yenye giza chini ya ngazi. Mwenye duka akamuuliza anatafuta nini pale. Akasema, "Nguruwe hatoki mchana kweupe. Anatoka jua likizama. Darubini inayoona vizuri dukani kwenye taa, haijaniambia kitu."

Akauliza pia jicho linakaa umbali gani na kioo. Maana bunduki ikilia inapiga teke, na ukisogeza uso sana, ule ukingo wa darubini unakupasua nyusi. Marehemu mume wake alikuwa na kovu hapo.

Mwisho akachukua moja ya rafu ya chini. Fupi, nyepesi, ya bei nafuu. Boksi lake limechanika.

"Hiyo haivuti sana, mama," mwenye duka akamwambia kwa uaminifu. "Mara nne tu."

"Lakini naona barabara yote. Namwona muuza magazeti, na baiskeli inayokuja nyuma yake naiona."

"Mwindaji anataka kuona mbali."

"Mwenye mwenzake, ndiyo. Mimi sina wa kuniambia kuna nini pembeni."

 Mwenye duka akaifunga juu ya bunduki ya Shangazi, akakaza skrubu, akamsindikiza mpaka uwanja wa shabaha. Shangazi akachora duara kwenye kadibodi kwa chaki ya kushonea. Akapiga, akarekebisha, akapiga tena, mpaka risasi zikakaa pamoja kama matundu ya kifungo.

Darubini fupi, nyepesi, ya bei nafuu. Naomba uikumbuke hiyo, msikilizaji. Kwa sababu sasa nakuja kwenye jambo ambalo Shangazi alimwambia mtu mmoja tu duniani, binti yake. Na binti ametupa ruhusa.

Ilikuwa Jumamosi ya masika. Jua linazama. Nguruwe dume akatoka kwenye mahindi, akasimama ubavu. Hakuna mwindaji asiyeipenda nafasi hiyo. Shangazi akaegemea shina la mti, akainua bunduki, akatazama. Akamwona nguruwe. Akaona na majani yaliyomzunguka. Na nyuma ya nguruwe akaona kichuguu cha kahawia.

Akaweka kidole.

Kichuguu kikanyoosha mkono.

Alikuwa mfuga nyuki. Naye alifiwa na mke, mtu mpole anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Shangazi. Amevaa koti lake la kahawia, ameinama kwenye mzinga ambao hakuna aliyejua kwamba ameuweka pale. Kwa darubini ya zamani, ile nzito inayovuta sana, Shangazi angeona bega la nguruwe, basi. Na risasi ikimkosa nguruwe, au ikimpita, haisimami kuuliza nani yuko nyuma.

Akashusha bunduki. Akaitoa risasi kwenye bunduki.  Akataka kumwita yule bwana, asijue amwambie nini. Ndipo akafanya jambo la ajabu. Akaanza kuimba. Wimbo wowote, kwa sauti kubwa, ili nguruwe akimbie na yule bwana ajue kuna mtu. Nguruwe akakimbia. Mfuga nyuki akainua kichwa, akaona Shangazi Sindano anashuka mlima anaimba, machozi yanamtoka. Akampungia mkono. Shangazi naye akapunga.

Binti alimuuliza, "Mama, kwa nini humwambii?"

Akasema, "Nikimwambia, kila akiniona ataona mtutu. Mwache anione mimi."

Wiki hiyohiyo alishona koti la rangi ya chungwa, rangi inayoonekana hata kwenye ukungu. Akampelekea mfuga nyuki, amelikunja vizuri. "Livae ukienda mlimani," akasema, akaondoka haraka. Na tangu siku ile, kila mfuga nyuki alipopita, Shangazi aliacha cherehani, akatoka mpaka barabarani. "Umeamkaje? Umekula? Mguu unaendeleaje?" Akamshika mkono, akauachia kwa shida. Alikuwa anamwangalia mtu aliye hai. Furaha yake ilikuwa hiyo, na pale mjini hakuwa na wa kumgawia.

Miaka ikaenda hivyo. Mfuga nyuki akaanza kupita njia ya nyuma.

Shangazi Sindano alifariki Jumanne asubuhi, wodini, kwa ugonjwa wa mapafu. Binti yake alikuwa kwenye basi, njiani. Muuguzi anasema alikuwa anauliza kama kuna mtu mlangoni.

Baada ya mazishi, binti alikwenda kwa mfuga nyuki, akamweleza yote. Nguruwe, kichuguu, wimbo.  Mzee yule akasema maneno haya, na ameniruhusu niyasome kama yalivyo:

"Mimi nilidhani ananipenda. Mwanamke ananiimbia mlimani, ananishonea koti, ananishika mkono barabarani. Koti sikulivaa hata siku moja, niliogopa watu. Si unajua, lisemwalo lipo, na kama halipo, linakuja. Nikawa namkwepa ili nisimvunje moyo. Kumbe alikuwa anamshukuru Mungu tu kwamba sijafa. Jioni zote hizo nilikula peke yangu, na yeye nyumba ya tatu anakula peke yake. Ningejua, ningekwenda nikakaa. Hata kama angenipenda kweli, jamani, ingeniuma wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, kituo chetu kinatoa pole kwa binti wa marehemu, kwa wakwe, kwa wakulima wa mlimani, na kwa wote waliovaa kazi ya mikono yake. Pole na kwako, mzee wetu wa nyuki. Tunajua unatusikiliza.

Nawe unayenisikia: yupo mtu anakusalimia kwa moyo kuliko unavyoona unastahili. Wewe unaharakisha, unatazama saa, unapita njia ya nyuma. Kesho usipite huko. Simama umuulize ana nini. Na akikukaribisha ndani, ingia, ukae.