Mwalimu Muindi Wathome: Miaka Hamsini na Minane ya Tungamo na Mwendo

Marehemu Mwalimu Muindi Wathome alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966 katika kijiji cha Mitaboni, Machakos, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Wathome Mativo na marehemu Mbithe. Mwaka wa 1972 familia ilihamia Nairobi, mtaa wa Jericho, kwa kuwa baba yake alikuwa amepata kazi ya kupakia na kupakua vyuma katika bohari moja huko Industrial Area.

Tarehe 3 Oktoba 1979, robota la mabati lenye uzito wa tani mbili lilibingirika kutoka mahali lilipokuwa limewekwa na kumponda Mzee Wathome ukutani. Muindi alikuwa darasa la saba, zikiwa zimebaki wiki chache afanye mtihani. Alifika pamoja na mama yake kabla robota halijaondolewa. Aliona mkono wa baba yake, na hakuona kingine. Msimamizi wa bohari alimwambia Mbithe kwamba hakuna wa kulaumiwa, kwamba robota lile lilikuwa limetulia tu tangu asubuhi. Maneno hayo Muindi hakuyasahau. Alituambia mara nyingi kwamba siku ile hakulia, bali alibaki akijiuliza jinsi kitu kilichotulia kinavyoweza kumuua mtu, na kwamba aliingia katika fizikia kama mtu anayeingia kwenye ugomvi.

Alifanya mtihani ule akiwa amevaa nguo za msiba, akapita. Mbithe alianza kuuza mitumba katika soko la Gikomba, na kila Jumamosi Muindi alisukuma mkokoteni wenye robota za nguo kutoka barabarani hadi kibandani. Hapo alijifunza kwa mabega yake yale aliyokuja kuyasoma vitabuni baadaye. Mkokoteni uliojaa ulikataa kuondoka, na ukishaondoka ulikataa kusimama. Siku moja ulimshinda kwenye mteremko, ukapita katikati ya meza ya mama wa uji na kuvunja vikombe kumi na kimoja. Yule mama alimchapa kofi, kisha akamketisha na kumpa kikombe cha kumi na mbili.

Alimaliza kidato cha sita mwaka wa 1985, akajiunga na Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka wa 1987, na mwaka wa 1990 akahitimu shahada ya ualimu katika fizikia na hisabati. Alianza kufundisha Kitui mwaka wa 1991. Mwaka wa 1996 alihamishiwa shule ya upili ya kutwa karibu na mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, na hapo ndipo alipofundisha hadi alipostaafu.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Kalekye, aliyekuwa karani wa bohari ya nafaka. Walijaliwa watoto wawili, Wanza na Mativo. Kalekye husema kwamba mume wake hakuwa mtu wa maneno matamu, ila siku ya posa aliwaeleza wazee wa upande wa mke, kwa dakika arobaini, kwa nini mwezi hauangukii Machakos. Wazee walikubali posa upesi kuliko ilivyokuwa imepangwa.

Darasani hakuwa mpole. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba wakikaa kimya kwenye madawati wasidhani wametulia, kwa sababu dunia inawazungusha zaidi ya kilomita elfu moja na mia sita kwa saa, na inawabeba kulizunguka jua kwa kasi inayozidi hiyo mara sitini. Kutulia, alisema, ni mapatano tu kati yako na kile unachojilinganisha nacho. Tungamo nalo alilieleza kuwa ni ukaidi wa kitu: kiasi ambacho kitu kinakataa kusukumwa kikiwa kimesimama, na kiasi ambacho kinakataa kusimamishwa kikiwa mbioni.

Ili wamwamini, alikuwa akilala chali juu ya meza ya maabara, anawekewa kifuani bamba zito la zege, na mwanafunzi mmoja anaitwa kulipiga kwa nyundo ya kuvunjia mawe. Bamba lilipasuka, na mwalimu akainuka akipangusa shati. Ukaidi wa zege, alieleza, ndio uliomlinda. Nyundo ilitua na nguvu yake ikaishia katika kulivunja kabla bamba halijapata muda wa kusogea. Mwanafunzi wa mwisho kuishika nyundo ile alikuwa Sally, msichana wa kidato cha pili kutoka mtaa wa Lucky Summer. Alikataa mara mbili kwa woga. Mara ya tatu alifumba macho na kupiga kwa nguvu zote. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa akipita nje, alipiga marufuku somo hilo siku hiyo hiyo. Ilikuwa Mei mwaka wa 2018.

Jumatano tarehe 6 Juni mwaka huo, saa kumi na dakika ishirini alasiri, lori lililobeba nondo za chuma lilitoka barabarani karibu na lango la shule na kuwagonga wasichana watatu waliokuwa wakingoja kuvuka. Wawili walikufa papo hapo. Sally alikuwa mmoja wao. Wa tatu alipoteza mguu. Nondo zilichomoka kutoka kwenye lori na kutapakaa hadi kwenye vibanda vya mboga.

Mwalimu Muindi alikuwa wa kwanza kufika. Alivua koti lake na kumfunika Sally, akamfunga yule aliyejeruhiwa paja kwa mshipi wake. Alipoinua kichwa, watu walikuwa tayari wamemburuta dereva kutoka kwenye lori. Dereva huyo, kijana aliyeitwa Gitonga, alipigwa kwa mawe, kwa mbao na kwa nondo zile zile. Mtu mmoja alikuja na tairi na chupa ya petroli. Mwalimu aliingia katikati na kumlalia dereva yule, akapigwa yeye badala yake. Mbavu mbili zilivunjika. Wanafunzi wake wa zamani waliomtambua ndio waliowasukuma watu nyuma.

Lydiah, mama yake Sally, aliyekuwa akiuza mitumba, alifika kutoka Gikomba akamkuta katika hali hiyo, amelala juu ya mtu aliyemuua bintiye.

“Mwalimu,” alimwambia, “unamkinga huyo? Na mtoto wangu je, nani alimkinga?”

Mwalimu alibaki amemlalia dereva. Baada ya polisi kumchukua Gitonga na magari ya wagonjwa kuondoka, alirudi shuleni akishika mbavu, akachukua chaki na utepe wa kupimia, akapima alama ambazo magurudumu yaliacha kwenye lami. Zilikuwa mita thelathini na saba. Aliziandika kwenye daftari, akawaomba watu wawili watie sahihi. Kesho yake mvua ilinyesha, na mchanga ukamwagwa kufunika damu. Kwenye mchoro wa polisi uliopelekwa kortini baadaye, alama zile zilikuwa mita kumi na mbili.

Lydiah alikataa mkono wake wakati wa mazishi ya Sally. Walipokutana njiani alivuka kwenda upande wa pili.

Habari zilipoenea kwamba mwalimu ana vipimo vyake mwenyewe, watu asiowajua walianza kumpigia simu za kumtisha. Jumatatu tarehe 21 Januari 2019, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanaume watatu walimngoja nje ya lango la nyumba yake, mtaa wa Umoja. Hawakuiba chochote. Walimvunja nyonga ya kushoto kwa bomba la chuma, wakakanyaga mkono wake wa kuandikia hadi vidole vitatu vikavunjika, na mmoja akamwambia, “Sasa hesabu hiyo.” Kalekye ndiye aliyemwokota. Daftari lilikuwa salama, kwa kuwa tangu Juni Kalekye alikuwa akilificha katika gunia la maharagwe. Watu wale hawajakamatwa hadi leo.

Alilala hospitalini miezi minne. Wanza alimsihi aachane na kesi. Alimjibu kwamba baba yake aliuawa na kitu ambacho hakuna mtu aliyekipima, na kwamba hilo lilitosha kwa familia moja.

Tarehe 14 Novemba 2019 aliingia kortini Makadara kwa magongo. Dereva alikuwa amesema alikwenda kwa kasi ya kilomita thelathini kwa saa. Wakili wake alieleza kwamba, hata kama alama zilikuwa ndefu, sababu ni uzito wa nondo. Lori zito husukumwa mbele na mzigo wake, hata likienda polepole. Watu wengi ukumbini walitikisa kichwa kukubali, maana ndivyo inavyoonekana.

Mwalimu aliomba ruhusa ya kuonyesha. Alikuwa amemtuma Mativo kwa fundi wa Gikomba amtengenezee masanduku mawili ya mbao yanayofanana, pamoja na ubao mrefu wa kuyateremshia. Sanduku moja lilikuwa tupu. La pili alilijaza mawe mbele ya hakimu. Aliyaachilia kutoka urefu mmoja, moja baada ya jingine, yakateleza hadi sakafuni na kusimama, na kati ya mahali liliposimama tupu na mahali liliposimama lile la mawe palikuwa na upana wa kidole. Alieleza kwamba mzigo unaosukuma mbele ndio huo huo unaokandamiza magurudumu chini, na magurudumu yakishabana yasizunguke, msuguano nao huongezeka kwa kiasi kile kile. Urefu wa alama hausemi lori lilibeba nini. Unasema kasi tu. Mita thelathini na saba zilisema kasi isiyopungua kilomita sitini na nane.

Hakimu aliomba masanduku yaachiliwe tena, mara tatu. Lydiah alikuwa ameketi safu ya nyuma. Machi mwaka wa 2020, Gitonga alifungwa miaka mitano, na mwenye lori akapokonywa leseni ya uchukuzi.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba hukumu ile haikumpa amani. Alistaafu mwaka huo kwa sababu ya nyonga. Mara nyingi Kalekye alimkuta akiirudia hesabu ile ile kwa mkono wa kulia uliopinda. Kulikuwa na nambari moja ambayo hakuipima mwenyewe, ile ya msuguano wa lami, aliitoa kitabuni. Je, kama lami ile ilikuwa tofauti? Je, kama alimfunga mtu kwa nambari ya kitabu? Alimwambia mke wake kwamba alimwokoa kijana yule katika moto na huenda alimtia gerezani bure, na kwamba yote mawili aliyafanya bila kujua kwa hakika.

Jumapili tarehe 3 Septemba 2023, Gitonga alibisha mlangoni. Alikuwa ametoka gerezani Julai, baada ya kupunguziwa kifungo. Kalekye alitaka kufunga mlango, lakini mwalimu aliita kutoka kitandani kwamba aingie. Alimwonyesha kiti. Kisha akamuuliza.

“Ulikuwa kasi gani? Sasa hakuna hakimu hapa.”

Gitonga alitazama sakafu. “Sabini na tano, mwalimu. Breki nilijua ni mbovu, na bado nilienda.”

Mwalimu Muindi alifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia. Ndiyo mara ya kwanza Kalekye alimwona akilia katika miaka ishirini na minane ya ndoa. Baadaye alimwomba Kalekye awaletee chai.

Mwaka wa 2024 mfupa wa nyonga ulioza kwa maambukizi, na hakuweza tena kusimama. Madaktari walimfanyia upasuaji mara tatu. Akiwa amelala, alianza kusoma upya ile fizikia ya karne iliyopita ambayo chuoni waliipitia mbiombio. Wanza alimsomea kila Jumamosi. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba kitu kilichotulia kabisa, kisichosukumwa wala kuvutwa, kina nishati ndani yake kwa sababu tu kina tungamo. Kwamba gramu moja ya chumvi, kama ingegeuzwa yote, ingewasha stima katika nyumba elfu nne kwa miaka kumi. Alicheka hadi mshono ukamuuma. Alisema aliwafundisha watoto wa watu miaka ishirini na tisa kwamba kitu kikisimama hakina nishati ya mwendo, na hilo ni kweli, lakini hakuwahi kuwaambia kwa uzito unaofaa kile kinachobaki.

Aliaga dunia nyumbani kwake Umoja, Alhamisi tarehe 15 Mei 2025, saa tatu asubuhi, maambukizi yalipoingia kwenye damu. Maumivu ya wiki ile yalikuwa makali, na hatutayapamba. Kalekye alikuwa amemshika mkono.

Tulipoketi kuandika wasifu huu, baadhi yetu tulitaka habari za lori, kesi na kipigo ziachwe, ili siku ya leo iwe ya utulivu. Jumatatu Lydiah alikuja nyumbani. Alikuwa amebeba suti ya kijivu aliyoichagua mwenyewe kutoka robota lake bora, ameifua na kuipiga pasi. Ndiyo aliyovaa Mwalimu leo. Alimsikiliza Kalekye akimsomea yale tuliyokuwa tumeandika, mistari michache tu, kisha akasema, “Mmemwandika kama mtu ambaye hakufanya kitu. Andikeni kwamba alipima. Wote tulikuwa tunapiga, na yeye alipima.” Akauliza kama kweli Gitonga ndiye anayepanga viti hapo nje. Aliambiwa ndiye, tangu Jumamosi. Akaomba Gitonga apelekewe chakula, maana alikuwa hajamwona akila. Hakutoka nje kumsalimia, na hakuna aliyemshurutisha.

Marehemu ameacha mjane, Kalekye. Watoto wawili, Wanza na Mativo. Mjukuu mmoja, Mbithe. Ndugu watatu na jamaa zao. Na wanafunzi wa miaka ishirini na tisa ya ualimu wake, baadhi yenu mkiwa hapa na nywele nyeupe.

Kwa miaka sita na zaidi Mwalimu Muindi hakulala usiku mmoja bila maumivu. Mungu na amlaze sasa mahali pasipo maumivu, na ampe amani.